Spurgeon alijua mchungaji hufunzwa zizini

Wapo wanaodhani kwamba mchungaji huwa tayari kwa kazi siku anapokabidhiwa stashahada. Kijana hukaa chuoni miaka kadhaa akisoma historia ya Kanisa na Kigiriki cha Agano Jipya, kisha hutumwa kuongoza waumini ilhali hajawahi kufariji mfiwa wala kusuluhisha ugomvi wa wazee wa kanisa. Kosa hili si la jana. Charles Haddon Spurgeon alilitambua huko Uingereza katika karne ya 19, na maisha yake yangali funzo kwa walimu na wanafunzi.

Spurgeon alizaliwa mwaka 1834 huko Kelvedon, katika jimbo la Essex, akiwa mwana na mjukuu wa wahubiri. Alipokuwa na umri wa miaka 17 tayari alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la Kibaptisti katika kijiji cha Waterbeach, karibu na Cambridge. Mwaka 1852 ilipangwa akutane na Dkt. Joseph Angus, mkuu wa chuo cha Wabaptisti cha London, wazungumzie kujiunga kwake. Mtumishi wa nyumba akawaweka katika vyumba viwili tofauti. Walingojeana muda mrefu, hata mkuu akaondoka bila kumwona. Hivyo mtu ambaye baadaye alifunza mamia ya wachungaji hakupata kamwe kusomea theolojia chuoni.

Hata hivyo, hakuidharau elimu. Mwaka 1854 alihamia kanisa la New Park Street, London. Miongoni mwa waliookoka kwa mahubiri yake alikuwa Thomas Medhurst, kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya kusokota kamba. Medhurst alianza kuhubiri barabarani, na baadhi ya washiriki wakaona haya kwa uhaba wa elimu yake. Spurgeon hakumnyamazisha, bali alimtafutia mwalimu na kugharamia masomo yake. Kutokana na mwanafunzi huyo mmoja chuo cha wachungaji kilianzishwa mwaka 1856, George Rogers akiwa mkuu wake.

Fedha nyingi za mwanzo zilitoka katika mauzo ya mahubiri ya Spurgeon yaliyopigwa chapa. Alipoushutumu utumwa, mauzo hayo yaliporomoka Marekani, na katika majimbo ya kusini maandishi yake yakachomwa moto. Hakubadili kauli. Wanafunzi waliona kwa macho yao gharama ya kusema kweli.

Chuo hakikutengwa na kanisa. Jumba la Metropolitan Tabernacle lilipofunguliwa mwaka 1861, madarasa yalikuwa chini ya jumba hilohilo, na chuo hakikupata jengo lake hadi mwaka 1874. Wanafunzi hawakulala bwenini. Waliishi katika nyumba za waumini, wakijua shida na furaha za watu wa kawaida. Walipokelewa wale waliokwisha kuonyesha kipawa cha kuhubiri, na ufukara haukumzuia mtu. Ijumaa alasiri Spurgeon mwenyewe aliwahutubia kuhusu sala, sauti, na hata makosa ya mhubiri mimbarini. Alipofariki huko Menton, Ufaransa, tarehe 31 Januari 1892, karibu wanafunzi 900 walikuwa wamepitia chuoni humo.

Wahenga walinena kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Mwalimu wa shule hapewi darasa kabla ya kufanya mazoezi ya kufundisha chini ya uangalizi. Mbona mchungaji aachiwe roho za watu bila mazoezi kama hayo? Vyuo vyetu vya theolojia na vimkabidhi kila mwanafunzi kwa kanisa moja na mchungaji mmoja tangu mwaka wa kwanza. Nao wazee wa kanisa wasione taabu kumvumilia kijana anayejikwaa mimbarini. Asipojikwaa leo akiwa na wa kumshika mkono, atajikwaa kesho akiwa peke yake, na watakaoumia ni waumini.