Barghash, Sultani aliyeinua jumba kwa nguzo za chuma

Mwaka 1885 jengo la ofisi la Home Insurance, lenye orofa 10 na fremu ya chuma, lilikamilika mjini Chicago, Marekani. Miaka miwili kabla yake, Sultani wa Zanzibar alikuwa amekwisha kujenga Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambalo roshani zake pana zilibebwa na nguzo ndefu za chuma. Tofauti ni kwamba kule Chicago chuma kilibeba hata kuta. Zanzibar kuta nene za mawe ya matumbawe zilijitegemea.

Sultani huyo ni Seyyid Barghash bin Said, mwana wa Seyyid Said. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Seyyid Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, India. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alikalia kiti cha usultani.

Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Aliwaletea wakazi wa mjini maji safi kutoka chemchemi, akajenga hamamu ya umma na kununua meli za mvuke.

Bendera yake ilipepea pwani yote hadi Kismayu, Barawa na Mogadishu, upande wa Somalia walikotoka wengi wa wakimbizi wa Dagahaley, Garissa. Hata hivyo, jumba lilipopanda, dola ilipungua. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 na miji michache ya Benadir. Alifariki Machi 1888.

Jumba lilibaki. Mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 haikuliangusha, na kuanzia mwaka 1911 serikali ya kikoloni ililigeuza kuwa ofisi zake. Baadaye likawa makumbusho.

Kilicholishinda ni kukosa matunzo. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele na mnara wa saa ulianguka na kuua watu 2. Kwa hiyo sifa ya Barghash haitalindwa na chuma alichokiagiza, bali na mikono ya warithi wake, kwani hewa ya chumvi haimsubiri mtu.