Robert Koch, Tabibu Aliyetenganisha Maradhi kwa Vyanzo Vyake

Mgonjwa anapopokelewa katika zahanati, iwe Kabasa wilayani Bunda, Butiama au Musoma, maradhi yake huandikwa kwa jina mahususi katika rejesta ya MTUHA. Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya maradhi, sura ya kwanza imetengwa kwa maradhi ya kuambukiza na ya vimelea, yakiwa na alama A00 hadi B99. Chimbuko la orodha hiyo ni kazi ya Mfaransa Jacques Bertillon ya mwaka 1893, na mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua jukumu la kuisimamia. Hata hivyo, kuyatenganisha maradhi hayo kwa vyanzo vyake, badala ya dalili pekee, kuliwezekana kutokana na kazi ya watafiti wachache. Miongoni mwao ni Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyefika hadi Ziwa Viktoria.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba, 1843, na kuhitimu utabibu Göttingen mwaka 1866. Akiwa tabibu wa wilaya katika mji mdogo, alifanya utafiti nyumbani kwake kwa hadubini, na mwaka 1876 alionesha bakteria wanaosababisha kimeta. Tarehe 24 Machi, 1882, alitangaza Berlin kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Siku hiyo sasa huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Baadaye alichunguza kipindupindu nchini Misri na India, na mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Si kila alilolitangaza lilifaulu. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini, lakini haikuponya. Leo aina yake hutumika kupima maambukizi tu.

Katika Afrika Mashariki, Koch alichunguza malaria jijini Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Mwaka 1905 alirejea na kuchunguza namna papasi wanavyoeneza homa inayokwenda na kurudi, ambayo zamani ilichanganywa kwa urahisi na malaria. Leo homa ya papasi ina alama A68, na malaria ina alama B50 hadi B54.

Mwaka 1906 na 1907 aliongoza msafara wa kuchunguza malale, akapitia Mwanza na kuweka kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, wakati ugonjwa huo ukiangamiza maelfu ya watu kandokando ya ziwa. Aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilipungua katika damu, lakini dozi zilipoongezwa baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa, na wengi waliougua tena hawakupona. Wagonjwa hao, ambao majina yao hayakumbukwi, walilipa gharama kubwa ya utafiti huo. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyeonesha mwaka 1909 kwamba vimelea vya malale hukua ndani ya mbung'o kabla ya kumwambukiza mtu.

Koch alifariki dunia Baden-Baden tarehe 27 Mei, 1910. Mwaka huohuo ilielezwa aina ya pili ya vimelea vya malale, inayofanana na ile ya kwanza chini ya hadubini. Aina inayokwenda polepole ina alama B56.0, na ile inayoua haraka, ambayo ndiyo inayopatikana Tanzania na huhifadhiwa na wanyamapori na ng'ombe, ina alama B56.1. Alama moja ikikosewa, hata matibabu huweza kukosewa.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa maeneo yanayopakana na Hifadhi ya Serengeti anayepata homa baada ya kuumwa na mbung'o anapaswa kuwahi kituo cha afya na kumweleza mhudumu kuhusu mbung'o huyo. Maelezo hayo humsaidia mhudumu kutafuta chanzo cha homa na kuandika jina sahihi la maradhi.