Livingstone wa Ujiji na ile mashine ya picha

Wadau, habari ya Livingstone na Stanley kukutana Ujiji mwaka 1871 kila mtoto wa Kigoma anaijua. Miembe tunaiona, wageni wanapiga picha, na ile salamu imeshageuka utani. Leo nataka kumsimulia huyu mzee kwa upande mwingine: mtu aliyebeba teknolojia mpya na kuiweka mbele ya watu ambao hawajawahi kuiona. Sisi tunaoshinda kafe tunabofya vitu vilivyobuniwa mbali na watu wasiotujua, kwa hiyo inatuhusu.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813, kwao maisha magumu. Akiwa na miaka 10 tu akaingizwa kiwanda cha pamba. Akawa anategesha kitabu juu ya mashine ya kusokotea nyuzi, kila akipita anadokoa sentensi. Aliyeiunda ile mashine wala hakufikiria kwamba kuna mtoto ataigeuza meza ya kusomea! Baadaye akasomea udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini kama mmisionari.

Sasa njoo kwenye mashine yenyewe. Safarini alibeba taa ya kurushia picha, tuseme babu wa projekta: sanduku lenye taa ndani, lenzi mbele, na picha zilizochorwa kwenye vioo unazozisukuma kutoka ubavuni. Januari 1854 akaiwasha usiku mbele ya mtemi Shinte, katika nchi ya Balunda. Picha ya kwanza? Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe. Wanawake wa Shinte wakatazama kimya. Alipoanza kukivuta kioo kukitoa, Ibrahimu na kisu chake wakasogea upande wao. Jamani, mbio! Walimwita mama, wakaangushana, wakakanyaga mpaka miche ya tumbaku, na hakuna aliyerudi.

Kisa hiki watu wamezoea kukisimulia kwa kucheka. Mimi sioni cha kucheka. Umekaa gizani, mtu na kisu anakujia, na hakuna aliyekuambia kwamba picha husogea kioo kikivutwa. Ungekaa? Kosa ni la mpangilio wa onyesho. Shinte mwenyewe alitulia mpaka mwisho, kisha akaisogelea mashine na kuichunguza kwa makini. Na hapo Livingstone nampa haki yake: alikuwa na kawaida ya kueleza jinsi taa inavyofanya kazi, ili mtu asidhani ni uchawi. Mwenyewe alikiri kuwa ndiyo njia pekee ya kufundisha ambayo watu walimsihi airudie. Wengine walitembea mwendo mrefu kuja kuiona.

Kinyume chake ni meli ya Ma Robert, aliyoipeleka mto Zambezi mwaka 1858. Iliundwa Uingereza kwa bati jembamba la chuma. Ikavuja, ikala kuni bila kushiba, watu wakashinda porini wakikata miti badala ya kusafiri, na mitumbwi ikaenda nayo sambamba. Akaibandika jina la mgonjwa wa pumu. Mwisho wa mwaka 1860 ikazama.

Ujiji alifika mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869, hoi kwa ugonjwa, akakuta mali zake nyingi zimeibwa. Akavuka ziwa kwenda Manyema. Huko karatasi zikamwishia, akaanza kuandika juu ya gazeti la zamani, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za mmea. Ni kwenye kurasa hizo alipoandika mauaji ya soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa pwani walipofyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake. Mamia walikufa. Akarudi Ujiji Oktoba, Stanley akamkuta, wakapiga makasia pamoja mpaka kaskazini na kuhakikisha kuwa mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Alifariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili pamoja na maandishi yake mpaka Bagamoyo. Bila wao tusingekuwa na cha kusoma.

Wino ulififia kabisa. Kitabu kilichotoka 1874 kilikuwa kimehaririwa na mengine yameachwa. Lakini mwaka 2011 watafiti walizipiga picha kurasa zile kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata usioonekana kwa macho, wakautenga wino na maandishi ya gazeti, na kuweka yote kwenye intaneti bure. Unaweza kuona ukurasa ulivyo, kisha uliosafishwa, kisha maneno yaliyochapwa upya. Mtafiti anakuza picha, msomaji wa kawaida anasoma maneno. Wamewafikiria wote wawili, hongera zao.

Tatizo ni moja: maelezo ni ya Kiingereza. Nyangwe iko Kongo, kwenye Kiswahili chao, na ng'ambo ya pili ya ziwa tupo sisi. Mama anayeuza dagaa Kibirizi akiufungua ukurasa ule wa soko anaona karatasi chakavu yenye mistari myekundu, hakuna wa kumweleza ni nini.