Niels Finsen: Tabibu mgonjwa aliyeugeuza mwanga kuwa dawa

ATHI RIVER

YEYOTE aliyewahi kupita kando ya Barabara Kuu ya Mombasa katika mji wa Athi River, Kaunti ya Machakos, ameuona mwanga mkali wa buluu ukimulika kutoka karakana za wachomeleaji vyuma. Fundi huuficha uso wake nyuma ya ngao yenye kioo cheusi, naye mpita njia mwenye busara hugeuza macho upande wa pili.

Anayepuuza tahadhari hiyo hulipia usiku. Macho humkereketa kana kwamba yametiwa mchanga, na ngozi ya shingo na mikono hubabuka mithili ya mtu aliyeshinda juani kutwa nzima.

Ni ajabu basi kwamba mwanga wa aina hiyo hiyo, unaozaliwa umeme unaporuka kutoka ncha moja hadi nyingine, ndio uliomletea daktari mmoja wa Denmark Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 1903. Aliutumia kuponya nyuso za watu waliokwisha kukata tamaa.

Daktari huyo ni Niels Ryberg Finsen. Aliaga dunia mwaka wa 1904 akiwa na umri wa miaka 43 pekee, baada ya kuugua kwa zaidi ya miaka 20.

Finsen alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 mjini Tórshavn, katika Visiwa vya Faroe, vilivyo kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki. Baba yake, aliyekuwa afisa wa serikali visiwani humo, alitoka katika ukoo wenye asili ya Iceland.

Huko jua ni mgeni wa nadra. Wakati wa kipupwe mchana ni mfupi mno, na mawingu na ukungu hutanda kwa siku nyingi mfululizo. Aliyekulia Ukambani, ambako kilio cha kila mwaka huwa ni jua kupita kiasi, hawezi kuelewa kwa wepesi kiu ya mwanga aliyokua nayo mtoto huyo.

Shuleni hakung'ara. Alipopelekwa Denmark katika shule ya bweni ya Herlufsholm, walimu walimwona kuwa mtoto asiye na kipaji. Mwaka wa 1876 alihamishiwa Reykjavik, Iceland, katika shule aliyosomea baba yake, na akahitimu mwaka wa 1882 akiwa na umri wa miaka 21, bila kuwa miongoni mwa wanafunzi bora.

Mwaka huo huo alijiunga na masomo ya udaktari mjini Copenhagen. Hakuwa amemaliza hata miaka miwili alipoanza kuona dalili za maradhi ambayo hayangemwacha tena. Utando unaozunguka moyo, ini na wengu ulikuwa ukizidi kuwa mnene na mgumu mwaka hadi mwaka. Mwili ulilegea, damu ikapungua, na baadaye tumbo likawa likijaa maji ambayo madaktari walilazimika kuyatoa mara kwa mara.

Chumba alichokaa kilielekea kaskazini, hivyo hakikupata jua. Finsen alihisi kwamba kila alipotoka nje na kuota jua, nguvu zilimrejea kidogo. Alianza kujiuliza kama hiyo ilikuwa dhana tu ya mgonjwa, au kama kweli mwanga ulikuwa na kazi unayoifanya mwilini.

Inasimuliwa kwamba siku moja alimtazama paka aliyekuwa akiota jua juu ya paa. Kivuli kilipomfikia, paka aliinuka na kusogea penye jua, na kivuli kilipomfuata akasogea tena. Mnyama asiyesoma kitabu chochote alikuwa akitafuta kitu, na mwanafunzi yule alitaka kukijua.

Jaribio lake mojawapo alilifanya kwenye mkono wake mwenyewe. Alijichora mstari kwa wino mweusi, kisha akauanika mkono juani kwa saa kadhaa. Ngozi iliyokuwa wazi iliwiva na kuvimba, ilhali iliyofunikwa na wino ilibaki salama.

Baadaye aliufuta wino na kuuanika mkono upya. Safari hii sehemu iliyokuwa imefichwa ndiyo iliyoungua, nayo ile iliyokwisha kupata weusi wa jua haikudhurika sana. Finsen alitambua kwamba rangi ya ngozi ni mwavuli.

Jambo hilo lina uzito mkubwa katika nchi zetu. Mtu mwenye ngozi nyeusi amezaliwa na mwavuli huo, ilhali mwenye ualbino hana. Ndiyo sababu kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua si urembo kwake, bali ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi.

Baada ya kuhitimu udaktari mwaka wa 1890, Finsen aliajiriwa katika idara ya anatomia ya chuo kikuu. Mwaka wa 1892 alimwoa Ingeborg Balslev, binti wa askofu. Mwaka uliofuata aliiacha kazi hiyo ili apate muda wa utafiti, akawa anajikimu kwa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari faraghani.

Mwaka huo wa 1893 alichapisha pendekezo kwamba wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia mekundu, ili miale mikali isiwafikie na makovu yapungue. Tiba hiyo ilijaribiwa na kusifiwa kwa muda, lakini haikudumu. Ndui ilikuja kushindwa kwa chanjo, na mtu wa mwisho kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka wa 1977.

Hata hivyo, pendekezo hilo lilimwachia Finsen wazo la msingi. Mwanga si kitu kimoja. Umo ndani yake joto linalounguza, imo miale ya rangi tunazoziona, na imo miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Tabibu anayetaka kuutumia hana budi kwanza kuuchambua, kama mtu anayepepeta nafaka.

Kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba mwanga huua bakteria. Waingereza wawili, Downes na Blunt, walikuwa wamelionyesha hilo mwaka wa 1877. Finsen aliuliza swali lililofuata: je, unaweza kuwaua walio ndani ya ngozi ya mtu aliye hai, bila kumuunguza mtu mwenyewe?

Maradhi aliyoyalenga yaliitwa lupus vulgaris. Jina hilo lina neno la Kilatini lenye maana ya mbwamwitu, kwa sababu yaliutafuna uso kama mnyama. Ni kifua kikuu cha ngozi. Huanza na vivimbe vidogo, aghalabu usoni, kisha kwa miaka mingi hula pua, mashavu, midomo na masikio.

Waliougua walifichwa majumbani, wakakosa kazi na wakakosa wachumba. Madaktari waliikwangua ngozi, wakaichoma kwa moto au kwa dawa kali, na mara nyingi maradhi yalirudi pale pale.

Mnamo Novemba 1895, Finsen alianza kumtibu mhandisi mmoja aliyekuwa ameugua kwa miaka mingi. Kwa kuwa jua la Copenhagen halitegemeki, tiba ilifanyiwa katika kituo cha umeme cha jiji, mbele ya taa ya ncha za kaboni. Kila siku mgonjwa aliketi kwa muda mrefu, na baada ya miezi kadhaa uso wake ulianza kupona.

Ufundi wa taa hiyo ulikuwa katika kupima na kuchuja. Mwanga ulikusanywa kwa lenzi, ukapitishwa katika maji yaliyofyonza joto, kisha ukaelekezwa kwenye sehemu ndogo ya ngozi. Baadaye lenzi zilitengenezwa kwa jiwe la kwatzi, kwani kioo cha kawaida huzuia miale mingi.

Tena aligundua kwamba damu huzuia mwanga usipenye. Kwa hiyo muuguzi aliigandamiza ngozi kwa kifaa cha kwatzi kilichopozwa kwa maji, ili damu isogee kando. Taa moja iliwahudumia wagonjwa wanne kwa pamoja, kila mmoja na muuguzi wake, kwa saa nzima au zaidi.

Mwaka wa 1896, kwa msaada wa wahisani, ilianzishwa Taasisi ya Tiba ya Mwanga mjini Copenhagen. Reli kutoka Mombasa ilipovuka nyanda za Athi na kufika Nairobi mwaka wa 1899, wagonjwa kutoka nchi mbalimbali walikuwa wakimiminika katika taasisi hiyo. Katika miaka yake mitano ya kwanza ilitibu zaidi ya wagonjwa 800 wa maradhi hayo, na wengi wao walipona au kupata nafuu kubwa.

Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa Uingereza na kuwa malkia, alipeleka taa ya Finsen katika Hospitali ya London mwaka wa 1900. Taa hiyo imechongwa kwenye sanamu yake iliyosimamishwa hospitalini humo.

Huku wagonjwa wake wakirejea makwao na nyuso zinazotazamika, daktari mwenyewe alizidi kudhoofika. Ilifika wakati akawa anaendeshwa katika kiti cha magurudumu. Alijipimia kila alichokula na kunywa, akapunguza chumvi na maji, na kuandika matokeo kwa uangalifu ule ule aliopimia mwanga. Utafiti wake wa mwisho, uliochapishwa mwaka wa 1904, ulihusu jinsi chumvi inavyojikusanya mwilini.

Alipotunukiwa Nobel mwaka wa 1903, akiwa raia wa kwanza wa Denmark kuipata, hakuweza kusafiri kuipokea. Sehemu kubwa ya fedha hizo aliitoa: krona 50,000 kwa taasisi yake na krona 60,000 kwa hospitali ya wagonjwa wa moyo na ini aliyokuwa ameianzisha. Alifariki tarehe 24 Septemba 1904.

Je, alikuwa sahihi katika kila jambo? La. Wanasayansi wa Denmark walizipima upya taa zake za zamani na kueleza mwaka wa 2005 kwamba urujuanimno mkali aliouamini haukupenya katika vifaa vyake. Yamkini iliyofanya kazi ni miale iliyo karibu na zambarau. Miale hiyo huchokoza kemikali zilizomo ndani ya bakteria wa kifua kikuu, zikazalisha oksijeni kali inayowaua.

Taa zenyewe zilistaafu baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana katika miaka ya 1940 na iliyofuata. Lakini ukoo wake haukukatika. Watoto wachanga wenye manjano hulazwa chini ya taa za buluu hospitalini, na madaktari wa ngozi hutumia miale iliyopimwa kutibu baadhi ya magonjwa sugu. Mawimbi ya redio nayo, ambayo Mfaransa d'Arsonval alianza kuyachunguza mwilini katika miaka ya 1890, leo hukata na kukausha vinyama kwa joto.

Siku hizi teknolojia hizo hutangazwa pia katika vituo vya urembo, kwa ahadi za kuondoa makovu, mikunjo na madoa. Mteja ana haki ya kuuliza kama anayeishika mashine ni mtaalamu aliyesajiliwa, ni mwanga au wimbi gani litakalotumika, kwa kipimo gani, na kama kipimo hicho kinafaa ngozi nyeusi. Ngozi yenye rangi nyingi hunywa mwanga mwingi, na mashine iliyotegwa vibaya huacha majeraha na mabaka.

Fundi wa Athi River anajua tayari kwamba mwanga anaoufanyia kazi unaunga chuma na unaweza kupofusha jicho, na kwamba kinachotenganisha mawili hayo ni kioo cheusi mkononi mwake. Finsen, kwa mwili uliokuwa ukimponyoka, alitumia miaka yake michache kutafuta kioo cha namna hiyo kwa ajili ya wagonjwa.