Sheikh Al-Amin na Kalamu Yake

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alifiwa na babake angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kwa elimu ile angeweza kukaa kitako barazani, akaamkiwa kwa heshima, asimuudhi mtu. Hakukaa. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, kijikaratasi cha Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Humo aliwasema watu wake mwenyewe: israfu za arusi na matanga, na kuwanyima elimu watoto wa kike. Yalikuwa machungu hayo, na baadhi ya wanavyuoni wenziwe hawakuyapenda. Al-Islah halikudumu, lakini kalamu hakuitua, hata alipokuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937. Alifariki mwaka 1947, tafsiri yake ya Kurani haijaisha.