Sayyid Barghash bin Said: Nakshi, Nyimbo na Maji

Vijana wa darasa letu hapa Kawangware 46 hutuuliza mara kwa mara juu ya mashairi, nyimbo na nakshi: je, mambo haya yana nafasi gani katika maisha ya Mwislamu? Wako wanaoyaharamisha yote kwa neno moja, na wako wanaoyapokea yote bila ya kuyapima. Sisi tumeona ni bora, kabla ya kuingia katika khitilafu za wanavyuoni, tutazame maisha ya mtu mmoja wa pwani yetu aliyeyakusanya yote hayo chini ya mamlaka yake, naye ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja.

Sayyid Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mwana wa Sayyid Said bin Sultan. Nyumba ya baba yake ilikuwa makutano ya mataifa. Mmoja wa wake wa Sayyid Said alikuwa Shahrzad, Mwajemi wa ukoo wa Shah, na kwa ajili yake ilijengwa hamamu ya Kidichi mwaka 1850, ikatiwa nakshi za chokaa za maua na ndege. Nakshi hizo zilikuja na mila yake. Kwa Waajemi, ushairi, uimbaji na uchoraji vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Shairi la Saadi au la Hafidh, wote watu wa Shiraz, liliandikwa na bingwa wa khati, likapambwa na mchoraji, likaimbwa mbele ya wasikilizaji. Na bustani iliyosifiwa katika beti ndiyo iliyofumwa katika zulia na kuchongwa ukutani. Hata neno hili bustani tumelipata kwao, kama tulivyopata bandari na serikali. Katika mazingira hayo ndimo alimokulia Barghash.

Baba yake alipofariki mwaka 1856, Unguja ilishikwa na nduguye, Sayyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alimwasi, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa Bombay kwa muda wa miaka miwili. Huko aliona mji mkubwa wenye majumba, bandari na mitambo, wala hakuyasahau aliyoyaona.

Alitawala mwaka 1870. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu na kuvunja majahazi, na mwaka 1873 Waingereza walimshurutisha kufunga soko la watumwa. Juu ya hayo akaendelea kujenga. Mwaka 1882 lilimalizika jumba la Marhubi, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib, ambalo milango yake ilichongwa aya za Qurani. Katika mji alijengesha hamamu ya watu wote kwa mtindo wa Kiajemi, kazi ya Haji Gulamhusein, na mtaa ule mpaka leo waitwa Hamamni. Kisha, kwa masimulizi yaliyoenea Unguja, alimpeleka Muhammad Ibrahim huko Kairo kujifunza kupiga ganuni, akarudi na kuunda kikundi cha kumwimbia Sultani. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa watu wa jumba. Huo ndio mwanzo unaotajwa wa taarabu.

Lakini mkono huo huo ulifanya na mengine. Alivuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini, masikini akanywa kama tajiri. Yapata mwaka 1880 alianzisha matbaa, vikachapwa vitabu vya fikihi ambavyo hapo kabla vilinakiliwa kwa mkono. Sisi wa Kawangware, tunaonunua maji kwa mtungi, twajua vyema uzito wa sadaka ya namna hiyo.

Haki yatutaka tuseme pia makosa yake. Mali iliyojenga majumba yale ilitoka kwa kiasi kikubwa katika karafuu na biashara, na mashambani walitumikishwa watumwa, ambao utumwa wao haukuondolewa Unguja ila mwaka 1897, yeye amekwisha kufa. Tena huyo aliyechapa vitabu vya madhehebu yake ya Ibadhi ndiye aliyemfunga Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni wa Kisunni wa Mombasa, na sheikh hakutoka kifungoni mpaka Sultani alipokufa. Mwana wa sheikh huyo, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891, ndiye aliyetoa Sahifa na Al-Islah huko Mombasa katika miaka ya 1930. Karatasi kama hii yetu zimefuata njia aliyoifungua yeye. Gereza halikuizuia elimu kurithiwa.

Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza waligawana bara, wakamwachia visiwa na ukanda wa maili kumi wa pwani. Sayyid Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888. Mungu amrehemu.

Sasa tutazame kilichobaki. Marhubi liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo. Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu yake mwezi wa Desemba 2020, likaua mafundi wawili. Taarabu haikufa, kwa kuwa ilitoka jumbani: mwaka 1905 vijana wa mji waliunda Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba asiyekuwa na mali, alikwenda Bombay kurikodi nyimbo kwa Kiswahili, lugha iliyofahamika na wauza samaki na mahamali.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili. Twaona nakshi na sauti njema si adui wa dini kwa dhati yake, lakini hupimwa kwa mali iliyoyagharimia na kwa watu waliofikiwa na kheri yake. Uzuri uliofungiwa jumbani huanguka pamoja na jumba. Mwenye kutaka kupamba msikiti kwa khati ya dhahabu, na atazame kwanza kama mtoto wa jirani amepata mwalimu na mama yake amepata maji. Akiisha kufanya hayo, na apambe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuipima dunia kwa mizani ya haki. Amin.