Rumanyika na Kilima Kilichopaa

Ndugu msomaji, ukiwa mkaaji wa Biharamulo au Ngara, bila shaka umesikia habari za Wahinda, waliotawala Usui na Karagwe wakijihesabu kuwa uzao wa Wachwezi, ambao watu waliwatambikia kama miungu. Siku hizi wapo hata wanaodai kwamba wafalme wa kale walijiwa na vyombo kutoka angani. Basi itazame habari ya Rumanyika, mwana wa Ndagara, mfalme wa Karagwe.

Mwingereza Speke, baada ya kucheleweshwa na kutozwa hongo na Suwarora wa Usui, alifika kwa Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, akapokewa kwa ukarimu mwingi. Mfalme akamsimulia jinsi alivyochaguliwa. Baba yao alipofariki, ngoma ndogo iliwekwa mbele ya ndugu watatu. Wenzake walishindwa hata kuisogeza, yeye akaiinua kwa kidole cha mwisho. Tena aliketishwa mahali maalumu, na ardhi ikainuka naye mpaka mbinguni, kisha ikamshusha taratibu. Asiyestahiki angaliangushwa akavunjika vipande. Speke akamwuliza kama huko juu kulikuwa na baridi. Mfalme akacheka, akakiri kwamba ilikuwapo.

Hadithi ni tamu, sikatai. Lakini pima na hili: Rogero, nduguye, aliyeishindwa ngoma ile, hakuikubali hukumu yake, bali alishika silaha. Hapo Rumanyika hakukirudia kilima. Aliyemwokoa ni Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kaze, aliyetoa pembe zake mwenyewe za ndovu ili kumpatia msaada wa bunduki.